Marimba sita, mikono miwili: kundi linabaki wapi kwenye rekodi?

Mwaka 2011 mpiga midundo kutoka Japani, Kuniko Kato, alitoa albamu ya kazi za mtunzi Mmarekani Steve Reich. Ndani yake kuna kipande kinaitwa Six Marimbas Counterpoint. Ukikisikiliza bila kuambiwa chochote utaapa kwamba wako watu sita, kila mmoja nyuma ya marimba yake. Hayupo hata wa pili. Ni yeye peke yake: karekodi sehemu moja, karudi akarekodi nyingine juu yake, karudi tena, mpaka kundi zima likatimia.

Nataka tuijadili rekodi hiyo kama mashabiki na kama watu wa sayansi kwa wakati mmoja. Msimamo wangu nausema mapema. Ni rekodi safi mno, na kwa mtu anayetaka kuuelewa muziki huu ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini kuna kitu cha kundi ambacho hakimo, na kitu hicho si ushairi wala hisia za wazee wa zamani. Kinapimika kwa milisekunde.

Huenda unajiuliza hili linakuhusu nini wewe ambaye hujawahi kuiona marimba ya jukwaani. Linakuhusu, kwa sababu kurekodi tabaka kwa tabaka ndiyo kawaida ya studio ndogo siku hizi. Kijana mmoja, kompyuta moja, kliki kwenye hedifoni, na baada ya saa tatu kuna "kikundi cha ngoma" ambacho hakijawahi kukaa pamoja. Kwa hiyo swali la Kuniko ni swali la huku pia: tukimwondoa mwenzako pembeni yako tukamweka kwenye hedifoni, muziki unapoteza nini?

Muziki wenyewe unafanyaje kazi?

Reich, mzaliwa wa New York mwaka 1936, alitunga Six Pianos mwaka 1973. Jina linajieleza: piano sita, wapigaji sita, chumba kimoja. Wapigaji wanne wanaanza na mtindo wa mapigo manane. Mdundo ni uleule kwa wote, ila kila mmoja ana noti zake. Wawili waliobaki wana kazi ya subira. Wanauchukua mtindo wa mmoja wa wale wanne na kuujenga upya pigo kwa pigo. Mwanzoni ni pigo moja tu na kwingine kote kimya, halafu kimya kimoja kinajazwa, kisha kingine. Mtindo ukikamilika unakuta ni uleule wa mwenzao, ila umesogezwa kwa mapigo kadhaa.

Sasa una mitindo miwili inayofanana inayopishana. Kwenye kupishana huko zinazaliwa nyimbo fupifupi ambazo hakuna mtu hata mmoja anayezipiga. Sikio lako linachukua noti ya juu ya huyu, noti ya juu ya yule, linaziunganisha na kukuambia: huu hapa wimbo. Wapigaji nao wanazisikia, na Reich amewapa kazi ya kuzionyesha. Mmoja anaanza kuupiga wimbo huo kwa sauti ya chini kabisa, anaupandisha hadi usikike vizuri, kisha anaushusha taratibu na kuuacha umezama tena ndani ya kundi. Akishauacha, wewe unaendelea kuusikia.

Kama umewahi kusikia amadinda ya Buganda, hapa utatabasamu. Amadinda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wa noti zilizolingana nafasi. Wa pili anaingiza zake katikati ya zile za kwanza, moja huku moja kule, mpaka kasi inakuwa maradufu. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu, na kazi yake ni kuyafuata yale yanayotokea kwenye vibao viwili vya chini kabisa vya wenzake na kuyarudia kwa sauti nyembamba. Yaani anauchomoa wimbo uliojificha na kukuwekea mbele ya sikio. Mtaalamu wa Austria Gerhard Kubik aliandika kuhusu nyimbo hizi za kujificha katika muziki wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1962, zaidi ya miaka 10 kabla ya Six Pianos.

Sisemi Reich alichota Uganda. Yeye alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na kabla ya hapo alikuwa amekisoma kitabu cha A. M. Jones cha 1959 kuhusu muziki wa Afrika. Ninachosema ni kwamba msomaji wa Kampala au Dodoma ana masikio yaliyokwisha kuandaliwa kwa muziki huu, hata kama umeandikiwa lebo ya "klasiki ya kisasa" na kuwekwa rafu ya juu.

Hatua ya kwanza: kutoka piano hadi marimba

Kabla ya Kuniko kuna mtu mwingine aliyeupanga upya muziki huu: Reich mwenyewe. Mwaka 1986, kwa wazo la James Preiss, mpiga midundo wa kundi lake, aliihamishia Six Pianos kwenye marimba na kuiita Six Marimbas. Aliishusha nusu toni, kwa hiyo sehemu ya kwanza iliyokuwa D meja ikawa D bemoli meja. Kwenye karatasi ni mabadiliko madogo. Kwenye hewa ni mambo mawili tofauti kabisa, na fizikia yake ni tamu.

Waya wa piano ukigongwa unatetemeka kwa namna nyingi kwa pamoja: mtetemo wa msingi, halafu mingine yenye kasi takriban mara 2, 3, 4, 5 ya ule wa msingi, na kuendelea juu. Kibao cha mbao chenye unene sawa kote hakina adabu hiyo. Mtetemo wake wa pili uko mara 2.76 ya msingi na wa tatu mara 5.40, namba zisizopatana na chochote. Ndiyo maana fundi wa marimba anachonga upinde chini ya kibao. Anaondoa mbao katikati kidogo kidogo hadi mtetemo wa pili ufike mara 4, yaani oktava mbili juu ya msingi, na wa tatu ukaribie mara 10. Matundu ya kamba anayatoboa kwenye asilimia 22 hivi ya urefu kutoka kila ncha, kwa sababu hapo kibao kinapotetemeka hakisogei, na kamba haitakiua. Mbao inayopendwa zaidi ni ya jenasi Dalbergia kutoka Amerika ya Kati, ndugu wa damu wa mpingo wetu.

Chini ya kila kibao kuna bomba lililozibwa upande wa chini. Hewa ndani yake inaitikia vizuri pale urefu wa bomba unapokuwa robo ya wimbi la sauti. Kwa C ya kati, hezi 262, hiyo ni kama sentimita 33. Ukitoa bomba, sauti inabaki "tok" ya mbao. Ukilirudisha, inakuwa noti ya mviringo.

Sasa linganisha. Noti moja ya piano inakuja na msafara mzima wa mitetemo ya juu. Ukiwa na piano sita zinazopiga kwa kasi ndani ya eneo moja la sauti, mitetemo ya juu ya noti hii inakaa juu ya noti ya msingi ya nyingine na kuifunika. Marimba ina msafara mfupi. Msingi una nguvu, kuna mtetemo ule wa mara 4 unaofifia upesi, na zaidi ya hapo ni vichache. Kati ya noti na noti kunabaki nafasi.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kwa kuzisikia zile nyimbo za kujificha, mpangilio wa 1986 unaushinda muziki uliozaliwa nao. Kwenye piano inanichukua muda kuupata wimbo uliojificha, na nikiupata unaniponyoka. Kwenye marimba unajitokeza wenyewe. Kilichopotea ni ukali. Piano sita zikipiga kwa pamoja kuna mng'ao wa chuma, hata hasira kidogo, unaokufanya ukae wima kitini. Marimba inausamehe muziki huo makosa mengi na kuufanya upendeke. Kuna siku nataka upendeke, kuna siku nataka ule ukali. Ila kama ni swali la mtihani, "mpangilio upi unaonyesha muundo vizuri zaidi?", jibu langu ni marimba.

Hatua ya pili: kutoka watu sita hadi mmoja

Hapa ndipo Kuniko anapoingia, na kwanza nimpe haki yake.

Mtaalamu wa saikolojia ya kusikia, Albert Bregman wa Kanada, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi ubongo unavyopanga sauti katika mafungu, na mwaka 1990 akatoa kitabu kinene juu ya jambo hilo. Kwa lugha nyepesi: sauti zinazofanana kwa urefu, kwa rangi na kwa mahali zinapotoka, ubongo huziweka fungu moja na kuzifuata kama mstari mmoja. Nyimbo za kujificha za Reich zinategemea hila hii. Ili noti ya juu ya mpigaji wa kwanza iungane na noti ya juu ya mpigaji wa tatu, rangi za sauti zao zisitofautiane. Ukimpa mmoja marimba yenye sauti kavu na mwingine yenye sauti nzito, ubongo utawatenganisha watu badala ya kuunganisha noti.

Sasa fikiria mtu mmoja, fimbo zilezile, mkono uleule, namna ileile ya kugonga. Rangi za sauti zinalingana kuliko kundi lolote la watu sita linavyoweza. Ndiyo maana Six Marimbas Counterpoint ina ule uwazi wa maji ya kisima. Nyimbo zinaibuka na kuzama bila kelele. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona uzi unavyopita kwenye kitambaa, hakuna rekodi nitakayompa kabla ya hii.

Ila uwazi huo una bei, na ninaiona katika sehemu mbili.

Ya kwanza ni ndogo. Marimba sita halisi hazilingani kabisa. Kibao kimoja kinatoa hezi 440, jirani yake 441, na vikigongwa pamoja sauti inavimba na kupungua mara moja kwa sekunde. Kwa kuwa noti ya marimba haidumu, husikii mawimbi hayo kama mawimbi. Unayasikia kama unene, kama vile sauti ina nyama. Kwaya ina unene huohuo, na ndio unaoifanya isifanane na mwimbaji mmoja aliyeongezwa sauti. Noti ileile ikirekodiwa mara sita kwenye kibao kilekile, nyama hiyo inapungua sana. Unabaki na mfupa mzuri uliosafishwa.

Ya pili ndiyo kubwa, nayo ni suala la muda. Watu wakipiga pamoja hawapatani kabisa. Mholanzi Rudolf Rasch alipima vikundi vya watu watatu watatu mwaka 1979 akakuta noti zinazopaswa kuanza pamoja zinatofautiana kwa milisekunde 30 hadi 50 hivi. Wapiga midundo ni wakali zaidi ya hapo, lakini tofauti ipo. Kinachovutia ni wanachokifanya baada ya kutofautiana. Kila mmoja anasikia kwamba amemtangulia mwenzake, na kwenye pigo linalofuata anarudisha sehemu ya tofauti. Mwenzake naye anafanya hivyohivyo upande wake. Mwaka 2014 Alan Wing na wenzake walichapisha utafiti wa vikundi viwili vya fidla na ndugu zake, wapigaji wanne kila kimoja, wakipima nani anajirekebisha kwa nani. Katika kikundi kimoja fidla ya kwanza ilijirekebisha kidogo kuliko wengine, yaani wenzake ndio walioifuata zaidi. Katika kingine mzigo uligawanywa karibu sawa. Vikundi viwili, tabia mbili, na zote zimo ndani ya tofauti ndogo ambazo hakuna msikilizaji angeweza kuzihesabu.

Rudi sasa kwa mtu anayerekodi peke yake. Akipiga sehemu ya pili, anaisikia ya kwanza na kujirekebisha kwake. Lakini ile ya kwanza imekwisha kufungwa. Haiwezi kumsogelea. Akifika ya sita, kuna sauti tano zinazosema na yeye anayesikiliza, na hakuna hata moja kati ya hizo tano inayomsikia. Mazungumzo yamekuwa barua. Ndiyo maana, ninavyoisikia, rekodi hii inatembea barabarani bila kuyumba hata kidogo, wakati kwenye rekodi ya kundi la Reich ya miaka ya 1980 mapigo yanapumua: kundi linajaa kidogo pale mtu anapoujenga mtindo mpya, na likishaupata linatulia. Hakuna aliyepanga liwe hivyo. Linatokea kwa sababu watu sita wanasikilizana pande zote.

"Lakini Reich mwenyewe alianzia kwenye tepu!"

Najua kuna msomaji ameshashika simu kuniandikia hivyo, na ana hoja. Kazi za mwanzo za Reich, It's Gonna Rain ya 1965 na Come Out ya 1966, ni tepu tupu: sauti ileile kwenye mizunguko miwili ambayo inaachana taratibu. Kabla ya Piano Phase ya 1967 alijaribu nyumbani kupiga piano dhidi ya rekodi yake mwenyewe. Baadaye alitunga mfululizo wa kazi zenye neno Counterpoint, kama Vermont Counterpoint ya 1982 kwa filimbi na Electric Counterpoint ya 1987 kwa gitaa, ambazo kwa makusudi ni za mpigaji mmoja anayepiga juu ya rekodi zake. Jina alilochagua Kuniko linafuata mkondo huo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema amevunja mwiko.

Hoja hiyo naikubali, na ndiyo inayonisaidia kuona mpaka uko wapi. Mwaka 2018 Kuniko alitoa rekodi ya Drumming, kazi kubwa ya Reich ya 1970 hadi 1971, ambayo yote inatokana na mtindo mmoja wa mdundo wenye mapigo 12. Humo pia ala zote za kugonga anazipiga mwenyewe. Kwa sikio langu mbinu ya mtu mmoja inafanya kazi vizuri zaidi kwenye Drumming kuliko kwenye marimba sita, na sababu iko kwenye muundo.

Drumming ina sehemu ambapo wapigaji wawili wanapiga kitu kimoja, kisha mmoja anaongeza kasi kidogo kidogo mpaka anamtangulia mwenzake kwa pigo zima, na hapo anatulia. Katika zoezi hilo yule wa kwanza hatakiwi kumfuata anayeondoka. Akijirekebisha, kama miili yetu inavyopenda kufanya, zoezi linaharibika. Anatakiwa awe mwamba. Na rekodi ni mwamba kamili: haivutwi, haichoki, haiogopi. Pale mtunzi anapotaka usikivu wa upande mmoja, tabaka za studio zinampa alichoomba.

Six Marimbas haina zoezi hilo. Hakuna anayeongeza kasi ili aachane na mwenzake. Mtindo unajengwa kwa kujaza vimya, na wote sita wanashika pigo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Humo usikivu wa pande zote ndio chombo chenyewe, na huo ndio uliobaki nje ya mlango wa studio. Kwa hiyo hukumu yangu inagawanyika. Kwa Drumming, Kuniko anashindana na makundi bila aibu na pengine kuyapita kwenye sehemu za kuachana. Kwa marimba sita, ametupa ramani bora kabisa ya mji, nasi bado tunahitaji kwenda mjini.

Chumba nacho ni mpigaji

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wengi huliachia mafundi mitambo. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Marimba kubwa ya oktava tano ina upana wa zaidi ya mita 2. Panga sita jukwaani, na aliye mwisho wa kushoto anaweza kuwa mita 7 kutoka kwa aliye mwisho wa kulia. Hiyo ni milisekunde 20 za kuchelewa kabla hajaanza hata kufikiri. Kama mapigo madogo ni 6 kwa sekunde, kila pigo lina milisekunde 167, na 20 kati ya hizo zimeliwa na hewa. Chris Chafe na wenzake wa Stanford walijaribu watu wawili wanaopiga makofi kila mmoja chumba chake, wakichelewesha sauti kati yao. Ucheleweshaji mdogo sana uliwafanya waongeze kasi bila kujua, na mkubwa uliwafanya wazidi kupunguza. Kundi la jukwaani linaishi katikati ya hali hizo mbili, na kujipanga karibu karibu ni uamuzi wa kimuziki.

Fundi naye ana tatizo lake. Akiweka maikrofoni kwa kila marimba, sauti ya jirani inavuja na kufika imechelewa. Ikiwa tofauti ya njia ni mita 1, ukizichanganya maikrofoni hizo mbili mitetemo ya karibu hezi 172 inapingana na kufifia, na vilevile ya mara 3, mara 5 na kuendelea. Kurekodi mmoja mmoja kunaliondoa tatizo lote. Kila noti iko mahali pake, unaweza kuisogeza kushoto au kulia upendavyo. Lakini uvujaji huo ndio unaokuambia kwamba vitu hivi vilikuwa chumba kimoja. Ukiufuta wote, inabidi uongeze mwangwi wa kutengeneza, na sikio lililozoea huujua.

Nakupa jaribio dogo. Tafuta Mallet Quartet, kazi ya Reich ya 2009 kwa vibrafoni mbili na marimba mbili za oktava tano. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Budapest na kundi la Hungaria linaloitwa, ndiyo, Amadinda, jina walilolichukua kwenye ala ileile ya Uganda. Rekodi rahisi kupata ni ya Third Coast Percussion wa Chicago, kwenye albamu yao ya 2016 iliyowapa Grammy. Isikilize kwanza kwa spika ya simu, halafu kwa hedifoni nzuri. Noti ya chini kabisa ya marimba hiyo ni hezi 65 hivi, na spika ya simu haiwezi kuitoa. Kwa piano ubongo wako ungeweza kuijaza, kwa sababu mitetemo ya mara 2, 3, 4 na 5 inaudokeza msingi hata usipokuwepo. Marimba inakuachia mara 4 tu, inayofifia upesi, na mara 10. Kwa hiyo besi inageuka kugonga mlango. Reich mwenyewe ameandika kwamba alisita kuzitumia noti hizo, kwa sababu fimbo ikiwa ngumu kidogo tu huko chini unapata kelele badala ya noti. Usimlaumu mpigaji kabla hujabadilisha spika.

Tunajifunza nini huku kwetu?

Wapo wanafunzi wanaosoma hapa ambao wanarekodi vikundi vya ngoma na marimba vya vijijini kwa ajili ya tasnifu au kumbukumbu. Nawaomba jambo moja. Msikubali kirahisi ushauri wa kuwaingiza wazee studio mmoja mmoja na kliki "ili sauti iwe safi". Itakuwa safi kweli. Mtapata kila mkono peke yake, na uchambuzi wenu utakuwa rahisi. Ila mtakuwa mmepoteza data ambayo hakuna programu itakayoirudisha: nani anamfuata nani, nani anabaki palepale wengine wakiyumba, na kikundi hupumua wapi. Wale wapigaji watatu wa amadinda wanakaa kuizunguka ala moja, magoti yakikaribiana, na ukaribu huo ni sehemu ya ufundi.

Kama muda na vifaa vinaruhusu, fanyeni zote mbili. Kwanza rekodini kikundi kizima pamoja, maikrofoni mbili tu mbele yao, bila kliki. Hiyo ndiyo rekodi mama. Baada ya hapo mwombeni kila mmoja apige sehemu yake peke yake kwa ajili ya maelezo. Mkilazimika kuchagua moja, chagueni ya kwanza. Kutoka kwenye rekodi ya kundi mtu anaweza, kwa jasho, kuzichambua sehemu za kila mpigaji. Kutoka kwenye sehemu sita zilizotengana huwezi kuurudisha usikivu ambao haukuwahi kutokea.

Na Kuniko? Msikilizeni. Sikilizeni marimba zake sita kwa hedifoni, na mara ya pili mshikilie wimbo mmoja wa kujificha tangu unapoibuka hadi unapozama. Halafu wekeni rekodi ya kundi la Reich na mjaribu kuusikia uleule. Utakuwa mgumu kidogo kuupata, kwa sababu safari hii kuna watu sita wanautafuta pamoja nanyi.